Amplitude: neno moja, makazi mawili

Juma hili naijibu barua ya mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Moding, kule Teso, karibu na Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Kijana huyu analalamika kwamba neno moja la Kiingereza lilimfanya asifiwe asubuhi na akosolewe alasiri ya siku iyo hiyo. Neno lenyewe ni "amplitude".

Asubuhi, katika somo la Kiingereza, aliandika insha kuhusu ardhi ya kwao. Akalitumia neno hilo kueleza jinsi nchi ilivyo pana na jinsi macho yanavyokwenda mbali bila kuzuiwa. Mwalimu alilipigia neno mstari na kuandika pembeni kwamba limekaa mahali pake. Alasiri, katika fizikia, alikuta mchoro wa wimbi linalopita kwenye kamba. Kutoka kilele cha wimbi hadi chini kabisa kwenye bonde lake palikuwa na sentimita 12. Swali lilitaka "amplitude" ya wimbi hilo. Yeye, akikumbuka kuwa neno hilo maana yake ni upana, akajibu sentimita 12. Akakosa. Jibu lilikuwa sentimita 6.

Anauliza: je, inawezekana neno moja liwe sahihi asubuhi na liwe kosa alasiri? Na kati ya walimu wake wawili, yupi aliye na haki?

Lakini kilichonigusa zaidi ni maneno ya mwisho ya barua yake. Anasema ameanza kuamini kwamba fizikia ni ya watoto waliozaliwa katika nyumba zinazozungumza Kiingereza, na kwamba anafikiria kuliacha somo hilo. Hilo, msomaji, si jambo dogo. Ni watoto wangapi ambao tumewapoteza kama mafundi wa umeme, madaktari na wahandisi, si kwa sababu hawana akili ya hesabu, bali kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyekaa chini kuwaeleza? Basi leo tukae chini tulieleze.

Maneno nayo huvuka mpaka

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, inawezekana. Na jibu la swali la pili ni kwamba walimu wote wawili wana haki. Kijana wa Moding ana bahati ya kuishi mahali ambapo ushahidi wa jambo hili hupita barabarani kila dakika.

Chukua neno bodaboda. Leo kila mtu kutoka Mombasa hadi Kigoma anajua kwamba bodaboda ni pikipiki ya kubeba abiria. Lakini neno hilo lilizaliwa mpakani papa hapa. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli pale Busia walikuwa wakiwabeba wasafiri kutoka kituo cha upande mmoja wa mpaka hadi cha upande wa pili, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Desturi hiyo ikafika Malaba, kisha ikaenea kote. Neno likabadilika mdomoni mwa watu, baiskeli ikawa pikipiki, na leo dereva wa bodaboda wa Dodoma anaweza kufanya kazi miaka 20 bila kuuona mpaka wowote. Neno lilivuka, likapewa kazi mpya. Mtu akikuambia kwamba bodaboda ni usafiri, hajakosea. Na mtu akikuambia kwamba asili yake ni mpaka, naye hajakosea.

"Amplitude" nayo ilivuka mpaka wa namna hiyo, ila mpaka wenyewe ulikuwa kati ya fasihi na sayansi.

Makazi ya kwanza: fasihi

Neno hili chimbuko lake ni Kilatini, kwenye neno "amplus", yaani pana, kubwa, lenye nafasi ya kutosha. Lilipitia Kifaransa na kuingia Kiingereza katika karne ya 16. Lina ndugu zake ambao huenda umewahi kukutana nao. "Ample" ni kitu cha kutosha na kusaza. "Amplify" ni kukuza au kupanua. Na amplifaya, lile sanduku linalounganishwa na spika kanisani au harusini, ni kikuzaji. Lakini usimwingize katika ukoo huu jamaa mmoja anayefanana nao kwa jina: ampea, kipimo cha mkondo wa umeme. Huyo hana undugu nao kabisa. Jina lake linatokana na mwanasayansi wa Ufaransa, André-Marie Ampère, aliyeishi kati ya 1775 na 1836.

Katika fasihi, basi, "amplitude" ni upana wa jambo zima, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwandishi anaweza kuitumia kwa mbuga, kwa bahari, kwa anga, hata kwa akili au roho ya mtu. Kiswahili chetu hakikukosa maneno ya kubeba maana hii. Tuna upana. Tuna wasaa, yaani nafasi isiyobana. Na tukija kwa binadamu, tuna neno tamu zaidi, ukunjufu. Mtu mkunjufu ni yule ambaye moyo wake umekunjuliwa kama mkeka, kila ajaye apate pa kukaa.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba upana wa fasihi si sawa na urefu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mnamo 1728, una beti zaidi ya 1,000, na unasimulia vita vya majeshi makubwa. Huo ni upana wa namna moja, upana wa masimulizi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina beti zisizofika 80. Lakini ndani ya beti hizo mshairi anaizungumzia nafsi yake, majumba ya Pate yaliyobaki magofu, fahari ya matajiri waliokwisha kwenda, na hatima ya kila mwanadamu. Huo nao ni upana, ijapokuwa kitabu chenyewe ni chembamba. Msomi wa fasihi akisema kwamba kazi fulani ina "amplitude", hajashika rula. Anasema kwamba ndani yake mna nafasi ya kupumua na mna mengi.

Makazi ya pili: sayansi

Wanasayansi walipolichukua neno hili walilipa kazi finyu zaidi, kama vile mwajiri anavyomchukua mtu mwenye vipawa vingi akamkabidhi ufunguo wa mlango mmoja tu. Katika fizikia, "amplitude", ambayo hapa tutaiita amplitudo, ni umbali mkubwa kabisa ambao kitu kinachotikisika hufika kikitoka mahali pake pa utulivu. Soma tena maneno ya mwisho: kikitoka mahali pake pa utulivu. Siri yote imo humo.

Hebu mtazame mtoto kwenye bembea iliyofungwa tawini. Bembea ikiachwa peke yake, hutulia katikati, chini ya tawi. Hapo ndipo nyumbani kwake. Ukiisukuma, huenda mbele hadi mahali fulani, hurudi, hupita katikati, huenda nyuma karibu umbali ule ule, kisha hurudi tena. Msomi wa fasihi angeupima upana wote, kutoka nyuma kabisa hadi mbele kabisa. Mwanafizikia huanzia katikati na kwenda upande mmoja tu. Kwa hiyo kipimo chake ni nusu ya kile cha mwenzake.

Sasa unaona kilichompata kijana wetu. Wimbi lake lilikuwa na sentimita 12 kutoka kilele hadi bonde. Huo ndio upana wote. Mstari wa utulivu, ambapo kamba ingelala kama isingetikiswa, ulipita katikati. Kutoka mstari huo hadi kilele ni sentimita 6, na kutoka mstari huo hadi bonde ni sentimita 6. Amplitudo ni sentimita 6. Alipojibu 12, hesabu yake haikuwa mbaya. Aliingia sayansi akiwa bado ameshika rula ya fasihi.

Lakini kwa nini sayansi ikaamua kuanzia katikati? Kwa sababu katikati ndipo kitu kinapotaka kurudi. Uvute uzi wa gitaa kidogo, nao utavuta kurudi kidogo. Uvute zaidi, nao utavuta kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo hutegemea umbali kutoka mahali pa utulivu, wala si kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Na nishati iliyomo katika mtikisiko huongezeka kwa kipeo cha pili cha amplitudo: ukiongeza amplitudo mara 2, nishati huongezeka mara 4, na ukiiongeza mara 3, nishati huongezeka mara 9. Ndiyo maana wimbi la ziwani lililozidi kidogo tu kimo linaweza kuupindua mtumbwi ambao wimbi lililotangulia liliubembeleza.

Jaribio la jioni nyumbani

Wewe mzazi unaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila maabara. Funga jiwe dogo kwenye uzi wa mita 1, ulining'inize mahali pasipo upepo. Livute sentimita 5 kutoka katikati, uliachilie, na uhesabu safari 10 za kwenda na kurudi huku mtoto akitazama saa. Utapata takriban sekunde 20. Sasa livute sentimita 10, yaani amplitudo mara mbili, uhesabu tena. Watoto watadhani kwamba safari ndefu itachukua muda mrefu zaidi. Saa itawaambia kwamba ni sekunde 20 zile zile au karibu sana na hizo. Jiwe linalokwenda mbali zaidi huenda kwa kasi zaidi, na kwa hiyo huwahi kurudi. Galileo wa Italia aliuchunguza ukweli huu zaidi ya miaka 400 iliyopita, na baadaye ukatumiwa kutengeneza saa za ukutani zenye timazi.

Funzo la jaribio hili ni kwamba amplitudo ni jambo moja, na idadi ya mitikisiko kwa sekunde ni jambo jingine. Usiyachanganye. Na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa rafiki mkubwa wa mwanafunzi, ikiwa atakisikiliza vizuri.

Sauti kubwa na sauti nyembamba

Wateso wana ala yao ya nyuzi iitwayo adeudeu. Majirani zao Wabukusu wana litungu. Mkaribie mpigaji wa mojawapo ya ala hizi na umwombe auguse uzi mmoja polepole, kisha auguse uzi uo huo kwa nguvu. Mara ya kwanza utasikia sauti ndogo, mara ya pili sauti kubwa. Lakini noti haikubadilika. Kilichobadilika ni amplitudo: uzi ulitoka mbali zaidi na mahali pake pa utulivu. Sasa mwombe aguse uzi mwingine, ulio mfupi au uliokazwa zaidi. Noti imebadilika, imekuwa nyembamba. Hapo kilichobadilika ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde.

Kiswahili kimezitenganisha sifa hizi mbili tangu kale. Sauti ya simba ni nene na ya mbu ni nyembamba: hiyo ni idadi ya mitikisiko. Sauti ya mnong'ono ni ndogo na ya mwenye kupiga ukemi ni kubwa: hiyo ni amplitudo. Mbu ana sauti nyembamba lakini ndogo. Ngoma kuu ina sauti nene lakini kubwa. Mtoto wa Kiswahili anayajua haya kabla ya kwenda shule.

Kinachotuponza ni usemi mmoja wa siku hizi: "sauti ya juu". Mwalimu wa kwaya akisema imba kwa sauti ya juu, anataka uimbe nyembamba. Jirani akilalamika kwamba unafungulia redio kwa sauti ya juu, anamaanisha kubwa. Usemi mmoja, maana mbili. Mwanafunzi akiubeba usemi huo hadi kwenye mtihani wa fizikia, atajibu kwamba sauti kubwa ina mitikisiko mingi zaidi kwa sekunde, naye atapoteza alama kwa jambo ambalo masikio yake yanalijua. Dawa yake ni kusema kubwa au ndogo unapotaja amplitudo, na nene au nyembamba unapotaja mitikisiko.

Redio na radi za Tororo

Ukitaka kuiona amplitudo ikiandikwa kwenye kitu cha nyumbani, tazama redio ya zamani. Utakuta herufi AM na FM. Ile A ya kwanza ni "amplitude". Katika AM, kituo cha redio hurusha wimbi ambalo idadi ya mitikisiko yake haibadiliki, ila amplitudo yake hupandishwa na kushushwa kufuatana na sauti ya mtangazaji. Redio yako husoma kupanda na kushuka huko na kukurudishia maneno. Katika FM mambo yamegeuzwa. Amplitudo hukaa palepale, na idadi ya mitikisiko ndiyo inayobadilishwa. Njia hii iliendelezwa na Mmarekani Edwin Armstrong, aliyepewa hataza zake mnamo 1933.

Watu wa Moding na Malaba wana sababu ya kuielewa tofauti hii kuliko wengi. Ng'ambo ya mpaka, machoni pao, umesimama Mwamba wa Tororo, na eneo hilo lina sifa duniani kwa ngurumo. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitaja Tororo kwamba ilipata ngurumo kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka katika miaka 10 kuanzia 1967 hadi 1976. Joto la nchi na unyevu unaotoka Ziwa Victoria hukutana na kuyajenga mawingu makubwa ya alasiri.

Radi ikipiga, nayo hurusha mawimbi ya redio, ambayo hujiongeza juu ya amplitudo ya wimbi la kituo. Redio ya AM haina njia ya kujua kipi ni cha mtangazaji na kipi ni cha radi. Husoma vyote, na wewe husikia mkwaruzo katikati ya taarifa ya habari. FM haisumbuliwi sana, kwa kuwa haitafuti habari katika amplitudo. Kwa hiyo mzee anayesikiliza redio ya AM kijijini anaweza kuitambua mvua inayokuja kabla hajaona wingu. Amejifunza kuisoma amplitudo, ingawa hakufundishwa jina lake.

Jua linapotua upande wa Uganda

Kuna maana ya tatu, ambayo walimu wengi hawaitaji, nayo hutumiwa na wanaastronomia na mabaharia. Kwao, amplitudo ya jua ni pembe kati ya mahali ambapo jua linachomoza na mashariki kamili, au kati ya mahali linapotua na magharibi kamili. Manahodha waliitumia kuhakikisha kwamba dira zao hazidanganyi.

Moding iko chini ya digrii 1 kaskazini ya ikweta, na kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Mnamo tarehe 21 Machi na 23 Septemba hivi, jua hutua magharibi kamili na amplitudo ni sufuri. Kufikia 21 Juni hivi, jua linatua digrii 23 na nusu hivi upande wa kaskazini. Kufikia 21 Desemba hivi, linatua digrii 23 na nusu upande wa kusini. Mwanafunzi anaweza kusimama mahali pamoja kila mwisho wa mwezi, akaweka alama ya jua linapotua juu ya milima na miti ya Uganda, na mwaka ukiisha atakuwa na mchoro wa bembea kubwa kuliko zote alizowahi kuziona.

Na tazama: kutoka alama ya Juni hadi alama ya Desemba ni karibu digrii 47. Lakini amplitudo kubwa ni digrii 23 na nusu. Tumerudi pale pale. Hesabu huanzia katikati.

Ardhi inapotikisika

Kipimo hiki hiki ndicho kilichomo nyuma ya nambari tunazosoma magazetini tetemeko la ardhi linapotokea. Mnamo 1935 Charles Richter wa California alibuni kipimo chake kwa kutumia amplitudo ya mstari unaochorwa na mtambo wa kunasa mitikisiko ya ardhi. Kwa tetemeko kubwa wataalamu hutumia leo njia nyingine ya kukokotoa, lakini wamehifadhi ngazi ile ile: kupanda hatua 1 ni sawa na amplitudo kuongezeka mara 10, na nishati kuongezeka kama mara 32.

Tetemeko la Subukia, katika Bonde la Ufa la Kenya, la tarehe 6 Januari 1928, limekadiriwa kuwa na ukubwa wa 6.9. Lile lililobomoa nyumba na kuua watu Bukoba, Tanzania, tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Asiyejua hudhani kwamba tofauti ya 1 ni jambo dogo. Anayejua atakuambia kwamba, kwa hesabu hiyo, lile la Subukia lilikuwa na nishati kama mara 32 ya lile la Bukoba.

Amplifaya na masikio ya watoto

Sasa neno moja kwa familia. Tulisema kwamba amplifaya ni ndugu wa "amplitude". Kazi yake ndiyo hiyo: kuchukua mtikisiko mdogo na kuupa amplitudo kubwa. Katika magharibi ya Kenya watoto wengi wamekesha kwenye disko matanga, na mijini wanakwenda shule katika matatu zenye spika kubwa chini ya viti. Kinachoingia masikioni mwao ni amplitudo ya hewa.

Wataalamu wa afya husema kwamba desibeli 85 ndicho kikomo cha mtu kuvumilia kwa saa 8 kwa siku, na wengi wao hushauri kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, muda upunguzwe nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 88 ni saa 4, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kupanda kutoka desibeli 85 hadi 105 kunaonekana kama kuongeza 20. Kwa kweli ni kuizidisha amplitudo ya mgandamizo wa hewa mara 10. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyoipokea mitikisiko hiyo, na kwa binadamu chembe hizo zikishakufa hazioti tena. Kenya ina kanuni za kuzuia kelele zilizotolewa mwaka 2009, lakini kanuni haiwezi kumzibia mtoto masikio. Masikio yakivuma baada ya sherehe, hilo ni onyo, na la kusikilizwa.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Walijua kwamba ukubwa wa sauti si ukubwa wa maana. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba debe lina amplitudo ya sayansi na halina ile ya fasihi.

Ushauri kwa wanafunzi

Kwa kijana wa Moding na wenzake wote, nawapa mambo matatu. La kwanza, mkikutana na neno la Kiingereza mnalolijua kutoka somo jingine, msilikumbatie upesi. Ulizeni hapa limepewa kazi gani. Si "amplitude" peke yake. "Work", "power", "moment" na "field" yote yana maana moja sokoni na nyingine katika fizikia.

La pili, mkiona mchoro wa wimbi, kabla ya kupima chochote chorni mstari wa utulivu katikati. Amplitudo hupimwa kutoka hapo kwenda juu au kwenda chini. Urefu wa wimbi ni jambo jingine kabisa: huo hupimwa kutoka kilele hadi kilele kinachofuata.

La tatu, msione haya kulifikiria swali kwa Kiswahili, Kiteso au Kibukusu kabla ya kulijibu kwa Kiingereza. Bembea haijui Kiingereza, na uzi wa adeudeu haujui, na bado hutii kanuni zile zile. Anayejua kutofautisha sauti kubwa na sauti nyembamba ameshaielewa nusu ya sura hiyo ya kitabu. Kilichobaki ni kuyafahamu majina. Fizikia haina wenyewe.

Chemsha bongo ya juma hili ni kwa wasomaji wa pwani na wa bara pia. Huko Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika karibu mita 4. Msomi wa fasihi ataustaajabia upana huo wote. Je, mwanafizikia ataandika amplitudo ya mita ngapi? Mwulize mwanao mezani leo. Akijibu 4, mpe uzi na jiwe. Akijibu 2, mwongezee chai.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji wangu, kwaheri ya kuonana.